Jinsi ya Kutumia Lonchi Kontroli kwenye Gari la Giaboksi ya Klachi Mbili: Mwongozo kwa Madereva wa Tabora na Kigoma

Magari yenye giaboksi ya klachi mbili yamekuwa yakiingia mikoani mwetu kwa wingi kidogo kidogo, mengi yakiwa yametumika Japani au Uingereza kabla ya kuuzwa huku. Golf GTI, Audi A3 na S3, na mara mojamoja BMW za daraja la M, sasa huonekana katika barabara ya Tabora kwenda Nzega na ile ya Urambo na Kaliua. Wenye magari hayo, hasa vijana, huuliza swali moja mapema sana baada ya kulipokea gari: ile lonchi kontroli, yaani mfumo wa kompyuta wa kuondoka kwa kasi kubwa gari likiwa limesimama, inawashwaje? Swali hilo ni halali na lina jibu. Hata hivyo, anayejibiwa namna ya kuiwasha tu, bila kuelezwa inachokula ndani ya giaboksi, amepewa nusu ya maelezo, tena ile nusu iliyo rahisi. Mwongozo huu unakusudia kutoa nusu zote mbili, na msimamo wangu ninautaja mapema: lonchi kontroli itumike mara chache, mahali panaporuhusiwa, kwenye gari lililothibitishwa kuwa zima, na kazi kubwa ifanyike kabla ya mguu kugusa pedeli.

Kinachotokea ndani ya giaboksi

Giaboksi hii ni kama giaboksi mbili za manyuo zilizowekwa ndani ya kasha moja. Katika muundo wa DSG (jina la Volkswagen la giaboksi hii) ya gia sita, ambao waliuweka kwenye Golf R32 mwaka 2003 na kuifanya gari la kwanza la soko la kawaida kuwa na mfumo huu, klachi moja huendesha gia ya kwanza, ya tatu, ya tano na rivasi, na ya pili huendesha gia ya pili, ya nne na ya sita. Gia ya kwanza inapofanya kazi, ya pili huwa imekwisha kuingizwa na inasubiri klachi yake tu. Ndiyo maana gari hubadilisha gia bila kukata nguvu. Wazo lenyewe ni la zamani. Mfaransa Adolphe Kégresse alilibuni mwaka 1939, na Porsche walilifanyia kazi kwenye magari yao ya mashindano katika miaka ya 1980.

Tofauti na otomatiki ya kawaida, ambayo hupitisha nguvu za injini kwenye giaboksi kupitia oili inayozungushwa ndani ya kigeuza nguvu, hapa hakuna oili ya kupokea mshtuko wa kuondoka. Klachi yenyewe ndiyo inayoteleza. Gari limesimama, injini inazunguka mara 3,000 na zaidi kwa dakika, na sahani za klachi ya kwanza lazima zisuguane mpaka mwendo wa gari ulingane na mwendo wa injini. Msuguano huo wote ni joto. Gari la kilo 1,500 linapofika kasi ya kilomita 30 kwa saa huwa limebeba nishati ya takriban kilojuli 52, na klachi inayoteleza huku injini ikishikilia mizunguko ileile hugeuza kiasi kama hichohicho kuwa joto. Joto hilo lingetosha kuchemsha mililita 150 za maji, yaani kikombe kidogo cha chai, nalo linazalishwa kwa sekunde moja au mbili juu ya sahani nyembamba zilizobanwa pamoja. Ukiondoka kwa utulivu, klachi ikafunga gari likiwa na kilomita 10 kwa saa, joto linalozalishwa ni kama sehemu moja ya tisa ya hilo. Hesabu hii ndiyo msingi wa kila onyo litakalofuata.

Kazi ya lonchi kontroli ni kuisimamia hali hiyo kwa kompyuta: inashikilia mizunguko ya injini mahali palipochaguliwa na watengenezaji, inafunga klachi kwa kipimo, na inapunguza nguvu matairi yanapoanza kuzunguka bure. Inafanya hivyo vizuri kuliko mguu wa dereva wengi. Lakini haiondoi joto, inalipanga tu.

Hakikisha kwanza kuwa gari lako linao mfumo huu

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu neno otomatiki kwetu hubeba mambo mengi. Toyota Crown zisizo za haibridi na Mark X zina otomatiki ya kawaida yenye kigeuza nguvu. Vitz nyingi zinatumia mkanda wa chuma usio na gia maalumu, na Subaru nyingi za miaka ya karibuni vilevile. Ukikanyaga breki na mafuta kwa pamoja kwenye Crown, unachemsha oili ya giaboksi. Ukifanya hivyo kwenye gari la mkanda na kuachia ghafla, unahatarisha mkanda kuteleza na kukwaruza puli zake. Magari hayo yasijaribiwe kwa maelekezo ya mwongozo huu.

Kundi la pili linalohitaji tahadhari ni magari yenye klachi mbili lakini yasiyotengenezwa kwa kazi hii. Honda Fit Hybrid na Vezel Hybrid zilizotoka mwaka 2013 zina giaboksi ya gia saba ya klachi mbili zisizolowekwa kwenye oili, zikisaidiwa na mota ya umeme, na ziliitwa na mtengenezaji kwa marekebisho mara kadhaa nchini Japani kati ya 2013 na 2014. Hizo ni gari za kubana mafuta. Ziachwe zifanye kazi hiyo.

Kundi la tatu ni Golf na Polo zenye injini ndogo na DSG ya gia saba ya klachi kavu, inayofahamika kwa mafundi kama DQ200. Giaboksi hiyo ilipangwa kupokea nguvu ya mzunguko isiyozidi nyutoni-mita 250, na klachi zake hupozwa na hewa peke yake. Hata kama kompyuta ya gari lako inakubali, ushauri wangu ni kutofanya. Klachi kavu haina oili ya kuchukua joto, na katika jua la Tabora la Septemba na Oktoba hewa inayotegemewa kuipoza ni ya moto tangu mwanzo.

Yanayobaki ni magari yenye klachi zilizolowekwa kwenye oili: Golf GTI na R, Audi S3, baadhi ya Audi A4 na A5, Porsche za PDK (jina lao la giaboksi ya klachi mbili), BMW M zenye giaboksi ya klachi mbili, Mercedes-AMG za aina hiyo, Hyundai i30 N ya gia nane, Nissan GT-R na Mitsubishi Lancer Evolution X ya klachi mbili. Fungua kitabu cha gari na utafute sura ya giaboksi. Kama kitabu kimeandikwa Kijapani, picha ya sura husika ikipitishwa kwenye programu ya kutafsiri ya simu itakupa maana ya kutosha. Kitabu kisipoutaja mfumo huu popote, chukulia kwamba haupo.

Kagua gari kabla ya kulidai chochote

Anza na oili ya giaboksi, kwa kuwa ndiyo inayoamua mengi. Volkswagen wanaelekeza oili na chujio la DSG ya gia sita vibadilishwe kila kilomita 60,000. Gari lililotoka mnadani Japani likiwa na kilomita 85,000, bila karatasi ya huduma hiyo, lihesabiwe kuwa halijabadilishiwa. Oili inayotakiwa ina namba yake, G 052 182, na oili nyekundu ya otomatiki ya kawaida iliyo kwenye madumu ya madukani si mbadala wake hata kidogo. Kwa tulio Tabora, mara nyingi huagizwa Dar es Salaam au Mwanza ikaja na basi. Agiza mapema, na agiza lita za kutosha pamoja na chujio na oringi yake.

Simama karibu wakati fundi anaibadilisha, kwa sababu hatua moja hurukwa mara nyingi. Giaboksi hii haina kijiti cha kupimia. Kiwango hupimwa injini ikiwa inanguruma, gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa pande zote, na oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, ambapo ziada hutiririka kupitia bomba dogo la ndani ya tundu la kumwagia oili mpaka inabaki kudondoka tone baada ya tone. Fundi asiye na mashine ya kusoma joto la giaboksi anakisia, na kukisia huko kukipunguza oili kwa nusu lita, klachi itanyimwa ubaridi siku utakapouhitaji zaidi. Oili iliyotolewa nayo itazame: ikiwa nyeusi kabisa na inanuka kuungua, au sumaku ya ndani imeota ndevu nene za chuma, mpango wa lonchi kontroli uahirishwe mpaka chanzo kijulikane.

Kisha matairi. Upepo ujazwe asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tenki. Matairi mawili ya ekseli moja yawe ya aina moja na yenye kina kinachofanana, kwa sababu tairi moja likishika kuliko mwenzake difu hubeba tofauti hiyo kwa ghafla. Bolti za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo. Kwa Golf nyingi ni nyutoni-mita 120. Mpira wa kushikilia injini na ule wa giaboksi navyo vitazamwe kama vimechanika, kwa kuwa injini itakayorukaruka wakati wa kuondoka itavuta mabomba na shafti zote pamoja nayo.

Gari lipimwe kwa kompyuta na kosa lolote lifutwe kwa kulitengeneza, maana kulifuta kwa kitufe ni kulificha. Taa yoyote ya onyo ikiwaka, mfumo wenyewe kwa kawaida hukataa. Gari lisiwe na mizigo, lisivute tela, na lisibebe watoto. Kila kilo iliyoongezwa inageuzwa kuwa joto kwenye klachi.

Mahali

Barabara ya umma haifai, na sababu haziishii kwenye faini. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inafanya uendeshaji wa hatari kuwa kosa, na ndani ya makazi mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, kasi ambayo Golf R huipita kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Zaidi ya sheria kuna hali halisi ya barabara zetu. Tabora ni mji wa baiskeli na bodaboda. Mwendesha baiskeli anayekata barabara hupima kasi ya gari kwa mazoea ya magari anayoyaona kila siku. Gari lililosimama anahesabu kuwa litaondoka kama magari mengine. Hesabu yake ni sahihi kwa kila gari isipokuwa lako. Usimweke mtu katika hali hiyo, hata saa nane ya usiku, hata kama barabara inaonekana tupu hadi mwisho wa taa.

Tafuta eneo lililofungwa, la lami au zege, kwa idhini ya maandishi ya mwenye eneo: yadi kubwa ya kiwanda au ghala siku isiyo ya kazi, au mashindano yaliyoandaliwa rasmi. Urefu unaotakiwa unaweza kukokotolewa. Gari linalofika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde tano hutumia mita 70 hadi 80 kufika hapo, kisha linahitaji mita 40 hivi kusimama kwenye lami kavu kwa breki kamili, ukiondoa umbali linalokwenda kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa hiyo mita 300 za wazi, zilizonyooka, zisizo na nguzo, mtaro wala ukuta mwishoni, ndicho kiwango cha chini ninachokikubali. Kama eneo ni fupi, panga kuishia kilomita 60 kwa saa. Kila jambo la maana kuhusu klachi na mshiko wa matairi hutokea kabla ya hapo; kinachofuata ni injini tu inayovuta.

Tembea eneo lote kwa miguu kabla ya kuleta gari. Inama na upitishe kiganja juu ya lami. Udongo wa Tabora ni wa mchanga, na mchanga laini unaopeperushwa hukaa juu ya lami bila kuonekana kwa macho ya aliyesimama, lakini kiganja kitarudi kikiwa na vumbi la rangi ya kutu na chembe zinazozunguka chini ya vidole kama gololi. Tairi litafanya vivyo hivyo. Chini ya miembe kuna majani makavu, na msimu wa maembe kuna maganda na kokwa. Fagia njia mbili za matairi kwa fagio gumu, angalau mita 50 za mwanzo. Hii ni kazi ya kuchosha, na ninaisisitiza kwa sababu hatari kubwa ya mchanga si matairi kuzunguka bure. Ni pale yanapotoka kwenye mchanga yakiwa yanazunguka kwa kasi na kuikamata lami safi ghafla. Mshtuko huo hupita kwenye sivi joint, shafti na difu kwa mkupuo mmoja. Vitu hivyo huvunjika kwa namna hiyo kuliko kwa nguvu ya injini yenyewe.

Mvua za kwanza za Novemba huchanganya vumbi na oili iliyodondoka miezi yote ya kiangazi, na lami huteleza kuliko katikati ya masika. Siku hizo acha. Kwa wasomaji wa Kigoma, ambako njia nyingi za mjini hupanda na kushuka kuelekea Ziwa Tanganyika, eneo liwe tambarare. Kuondoka ukipanda mlima kunarefusha muda wa klachi kuteleza, na kushuka kunarefusha umbali wa kusimama.

Jambo la mwinuko nalo litajwe. Tabora ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 kuliko Dar es Salaam. Injini isiyo na taboi hupoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu zake hapa. Yenye taboi hupoteza kidogo tu, kwa kuwa taboi hufidia. Usilalamike kwa fundi kwamba gari halifiki muda uliotangazwa na kiwanda.

Joto la injini na giaboksi

Sindano ya joto la maji kufika katikati haitoshi. Maji huwahi, oili ya injini na ya giaboksi huchelewa. Vitabu vya BMW huelekeza safari isiyokatika ya angalau kilomita 10 kabla ya kutumia mfumo huu, na kanuni hiyo inafaa magari yote. Endesha kwa utulivu, pitia gia zote, kisha uje eneo la kazi. Kama una kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kinachounganishwa na simu, tazama joto la oili ya giaboksi: nyuzi 80 hivi ni pazuri. Ikizidi 110 mimi huacha na kuendesha polepole mpaka ishuke, ingawa kompyuta bado ingekubali. Gari lililotoka kwenye foleni ya mchana wa Oktoba linaweza kufika likiwa tayari na joto la kupita kiasi, hivyo asubuhi ndiyo saa bora.

Gari jipya, au lililofungwa klachi mpya, likae kwanza katika matumizi ya kawaida kwa umbali ambao kitabu kimeutaja.

Mazoezi ya mguu wa kushoto

Tumefundishwa kuendesha otomatiki kwa mguu mmoja wa kulia, na mafunzo hayo ni mema kwa barabarani. Lonchi kontroli inadai miguu miwili. Mguu wa kushoto wa mtu aliyezoea gari la manyuo umejifunza kazi moja, kukanyaga klachi mpaka chini na kuiachia taratibu, na kazi inayotakiwa hapa ni kinyume chake: kushikilia breki kwa nguvu thabiti, kisha kuiachia mara moja kabisa. Anayeiachia taratibu hulazimisha klachi kusukuma gari lililozuiwa na breki.

Zima injini, keti vizuri, na urudie: kushoto bonyeza kwa nguvu, kulia shusha mpaka chini, kushoto telezesha pembeni na kuutua sakafuni. Rudia mpaka mguu usisitesite. Rudia pia kuahirisha, ambako ndiko kutakakokuokoa: kulia inuka kwanza, kushoto ibaki imeshikilia breki. Ukichanganya mpangilio huu siku yenyewe, ukaachia breki kwanza, gari litaondoka hukutaka.

Kuondoka

Mpangilio ufuatao ni wa DSG na S tronic, jina la Audi la giaboksi hiyo. Magari mengine yana vitufe vyake: Porsche hudai kitufe cha Sport Plus, na Mercedes-AMG huuita mfumo wao Race Start. Kiini ni kimoja.

1. Funga milango yote na mkanda. Weka gari kwenye njia uliyoifagia, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka kabisa. Zima mfumo wa kuzima injini gari linaposimama, zima pia ule wa kushikilia breki peke yake, na hakikisha breki ya mkono imeachiwa.

2. Punguza mfumo wa kudhibiti matairi kama kitabu kinavyoelekeza. Golf za zamani zina kitufe cha kubonyeza mara moja. Za baadaye zina hali ya michezo inayopatikana kwa kubonyeza kwa muda au kupitia skrini. Usiuzime wote kama gari linakupa hali ya kati. Nissan GT-R za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2007, zilitoa funzo hapa: baadhi ya wamiliki nchini Marekani waliondoka kwa mizunguko ya juu mfumo wa usalama ukiwa umezimwa, giaboksi zikavunjika, madai ya dhamana yakaleta ugomvi, na baadaye Nissan wakabadilisha programu ili gari liondoke kwa mizunguko ya chini zaidi.

3. Peleka rungu la gia kwenye S.

4. Tazama mbele, kushoto, kulia na nyuma. Msaidizi wako asimame pembeni, mbali na mstari wa gari, kamwe asiwe mbele wala nyuma.

5. Kanyaga breki kwa nguvu kwa mguu wa kushoto, na uhesabu sekunde moja.

6. Shusha mafuta kwa mguu wa kulia mpaka chini, kwa tendo moja lisilo la kusita. Sindano ya mizunguko itapanda na kusimama, katika DSG nyingi zaidi kidogo ya 3,000, na injini itanguruma kwa sauti ya kukatakata. Nyuma ya gari inaweza kubonyea kidogo. Hapo mfumo uko tayari.

7. Ndani ya sekunde mbili au tatu achia breki kwa tendo moja. Klachi inapata joto wakati wote unaosubiri, hivyo usisubiri kumpa mtu nafasi ya kupiga picha.

8. Shikilia usukani kwa mikono miwili bila kuubana, mafuta yakiwa chini. Usiguse rungu wala vipepeo vya kubadilishia gia vilivyo kwenye usukani. Gari litabadilisha gia lenyewe. Gari la kuvuta mbele litauchezesha usukani kidogo, na masahihisho yawe madogo.

9. Ufikapo kwenye alama uliyoiweka kabla, inua mguu na ukanyage breki kwa utaratibu. Alama hiyo haijadiliwi ukiwa kwenye mwendo.

Mizunguko isipopanda hadi mahali pake, au ikapanda na kushuka, mfumo umekataa. Inua mguu wa kulia, baki kwenye breki, na utafute sababu: usukani umepinda, mlango haujafunga vizuri, oili haijapata joto au imelizidi. Na gari likianza kudundadunda wakati wa kuondoka, matairi yakishika na kuachia kwa haraka, inua mguu papo hapo bila kungoja kompyuta, kwa sababu kila dundo ni nyundo kwenye shafti.

Wenye magari ya kuvuta magurudumu manne, kama Golf R na S3, wafahamu jambo moja linalopingana na mazoea. Gari la kuvuta mbele likizidiwa, matairi huteleza na kuinusuru klachi sehemu ya kazi. Gari la magurudumu manne hushika lami, hivyo sehemu pekee inayoweza kuteleza ni klachi yenyewe. Linaondoka kwa utulivu na uzuri wa kupendeza, bila moshi wala kelele, huku klachi ikilipa gharama yote. Utulivu huo usikudanganye kurudia mara nyingi.

Baada ya kuondoka

Usizime injini. Giaboksi nyingi za klachi ya oili hupozwa kwa maji ya injini, na maji hayo hayazunguki injini ikizimwa. Endesha polepole kwa dakika tano hadi kumi, kwa kuwa hewa inayopita mbele husaidia kuliko kusimama. Vitabu vya BMW vinataja takriban dakika tano kabla ya jaribio lingine. Katika joto letu mimi huziongeza kuwa kumi na tano, na mara mbili kwa siku moja zinanitosha.

Onyo la joto la giaboksi likitokea kwenye dashibodi, au gari likianza kustukastuka, simama mahali salama, weka P na uiache injini inanguruma mpaka onyo litoweke. Kumwagia maji giaboksi, kama nilivyoshuhudia likifanywa, ni kulipasua kasha la alumini.

Andika kwenye daftari la gari tarehe, kilomita, joto la oili na idadi ya majaribio. Baadhi ya kompyuta za giaboksi hutunza kumbukumbu hizo zenyewe, na mnunuzi mwenye fundi makini atazisoma. Daftari lako litamweleza kwamba oili ilibadilishwa na kila jaribio lilifanyika kwa utaratibu.

Wiki inayofuata sikiliza gari katika matumizi ya kawaida. Likitetemeka linapoanza kutambaa kwenye foleni, likigonga linapoingia gia ya pili, au mizunguko ikipanda bila mwendo kuongezeka, acha kabisa lonchi kontroli na ulipeleke kwa fundi. Usikubali kuuziwa klachi mpya siku hiyohiyo. Mwombe aanze na vya gharama ndogo: kusoma makosa kwenye kompyuta, kupima kiwango cha oili kwa joto sahihi, kubadilisha oili na chujio kama kilomita zimefika, kisha kuifundisha upya giaboksi mahali klachi zinapokamata kwa kutumia mashine. Mtetemo mwingi wa DSG ya klachi za oili huishia katika hatua hizo. Ukibaki baada ya hapo, ndipo giaboksi ishushwe na sahani zipimwe.